Diski Isijipachike

Mashine yangu ilikuwa na adabu za mtoto wa jirani:
ukichomeka diski tu, imeshaingia,
imeshafungua makabati, imeshapanga picha kwa ukubwa,
na dirisha limeruka katikati ya skrini
kuniambia tazama nilichokikuta.
Hodi haikupiga. Hakuna aliyeifunza.

Nililipenda hilo, sikatai.
Duka langu liko Kutaisi, hatua chache kutoka Daraja Jeupe;
wateja huja na theluji kwenye viatu
na flashi zimefungwa kwenye leso.
Nani ana muda wa kuandika amri kwa mkono?

Mpaka siku ya Otari mpiga picha.
Diski yake ilikuwa inakata roho, inagonga tk, tk,
na mashine yangu yenye bidii ikaipachika,
ikachungulia kila folda ili itengeneze vijipicha.
Bidii ile ndiyo iliyoimaliza.
Harusi tisa na ubatizo mmoja.
Otari hakunifokea. Alinunua waya wa chaja asiouhitaji, akaondoka.

Usiku ule nikamwachisha kazi yule mtumishi wa milango.
Nikalifungua faili la fstab,
safu zake sita kama daftari la madeni,
na kwenye mstari nikaandika noauto,
yaani: jua kwamba ipo, ila usiende mpaka utumwe.
Nikaongeza ro, macho bila mikono.
Na kwa wageni wasio na mstari, kanuni moja: wote wangoje nje.
Tangu hapo diski ikija huonekana sdb,
herufi tatu tu, mtu aliyesimama kizingitini.

Februari akaja Lamara,
mjane wa Badri aliyepima kina cha mto Rioni miaka thelathini na mmoja.
Diski ilikuwa ndani ya soksi ya sufu.
Umeme ulikatika jioni ile, alisema,
naye yuko mezani. Uliporudi, yeye hakurudi.

Nikaichomeka. Mashine ikanyamaza.
Nikamweleza: ndani ya diski kuna jarida,
mahali pa kuandika nitakalotenda kabla sijatenda,
na jarida la Badri lina sentensi haijaisha.
Nikipachika kizembe, mashine itaimalizia yenyewe,
hata nikiiambia isome tu.
Kwa hiyo kwanza nakala, biti kwa biti,
saa nne, pengine tano.
Akakaa. Akala mkate wake wa jibini.
Hakuuliza tutapata nini.

Nakala ikafunguka. Kipimo cha mwisho:
saa kumi na mbili na dakika arobaini, mita mbili,
kisha nukta,
kisha hakuna tarakimu.

“Na ile yenyewe,” akauliza, “nani aliigusa mwisho?”
Yeye, nikasema, kwa fahari ya fundi.
Tarehe ni ile ile. Inaweza kubaki hivyo.

Akaitazama kama unavyotazama kitanda kilichotandikwa
ambacho hakuna anayeruhusiwa kukilalia.
“Mimi ndiye niliyekuwa naingia na chai bila kubisha,” akasema.
“Ifungue. Au hapana, nitaifungua mimi.”

Iliniuma, nakiri. Nikaondoa ro.
Nikaandika mount na jina la kifaa,
nikamwachia kibonye kimoja kilichobaki.
Akagonga meza mara mbili kwa kifundo cha kidole,
akasikiliza,
akabonyeza.

Taa ya diski ikapepesa.
Tarehe ikawa leo, Alhamisi, saa ya Lamara.
Hakusoma chochote. Aliirudisha diski ndani ya soksi yake
na kutazama nje, theluji imegeuka mvua.
“Rioni utapanda,” akasema, akitafuta glavu ya pili.